Titi Limekwenda, Mkono Umebaki

Ndugu msomaji, mwanamke akirudi nyumbani kutoka hospitali alikokatwa titi kwa sababu ya kansa, wageni wanaokuja kumpa pole huwa na swali moja wasilolitamka. Macho yao hulitamka kwa niaba yao. Hutazama kifuani, huhamia ukutani, kisha huuliza habari za mvua. Nimeyaona macho hayo hapa Tarime kwa majuma mengi, wala siwalaumu wenye nayo. Lakini jambo lililonishughulisha usiku na mchana katika miezi ile halikuwa titi, bali mkono. Na kwa kuwa wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mko mijini kazini, nanyi mnao mama, dada na shangazi huku Tarime, Nyamongo, Mugumu na kwingineko, nimeona yafaa nieleze habari za mkono huo, maana ni nadra kuelezwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kama walimu wengi wa huku ninalima pia: mahindi, ulezi na migomba kidogo. Titi lililoondolewa ni la kulia, na mkono ninaoandikia, ninaolimia na kusongea ugali ni huo huo wa kulia. Operesheni nilifanyiwa Mwanza, baada ya miezi kadhaa ya dawa za kansa zilizotiwa mshipani. Habari za siku yenyewe sitazieleza kirefu, kwani mtu aliyetiwa usingizi hana mengi ya kusimulia. Niliamka nimefungwa bendeji kifua kizima, na ubavuni umetoka mrija mwembamba unaoishia katika kichupa, ambamo majimaji mekundu yalikuwa yakichuruzika polepole. Asubuhi yake alikuja muuguzi, naye hakugusa bendeji wala kichupa. Aliushika mkono wangu akasema, "Mama, funga ngumi. Fungua. Funga tena. Hii ndiyo kazi yako kuanzia leo."

Sababu ya mkono kuingia katika habari za titi ni hii. Kwapani mwa kila mtu mna tezi ndogo ndogo, kiasi cha ishirini hadi arobaini, zinazochuja majimaji yatokayo mkononi na kifuani. Kansa ya titi inapoanza kusafiri, mara nyingi hupitia hapo kwanza. Ndiyo maana daktari huziondoa baadhi, au pengine nyingi, zikapimwe. Zikisha kuondolewa, majimaji ya mkono hupungukiwa na njia, na mkono waweza kuvimba, pengine baada ya miezi, pengine baada ya miaka. Tena kovu likikauka hujikunja na kuvuta ngozi, na bega lisilotumiwa hukakamaa kama bawaba iliyoshika kutu.

Zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Daktari Mmarekani William Halsted, wa Baltimore, alitangaza mwaka 1894 njia yake ya kuondoa titi pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani kwa mkupuo mmoja, na madaktari wa nchi nyingi waliifuata kwa karibu miaka themanini. Wanawake walibaki na kifua kilichobonyea, na wengi wao na mkono uliovimba maisha. Majaribio yaliyoanza Marekani mwaka 1971 chini ya Bernard Fisher, na yale ya Umberto Veronesi wa Milan, Italia, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 1981, ndiyo yaliyoonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi ambao kansa yao haijaenda mbali, kukata kidogo hakupunguzi siku za kuishi. Misuli ya kifua changu nimeachiwa. Wanawake waliokubali kuingia katika majaribio yale, ambao majina yao hayatajwi popote, nawakumbuka kila ninapoinua ndoo.

Basi nikarudi nyumbani na mrija wangu, nikaambiwa utatolewa majimaji yakipungua hadi vijiko viwili vya chakula kwa siku. Hapo ndipo vita ilipoanza, na wapinzani wangu walikuwa watu wanaonipenda. Wifi yangu aliufunga mkono kwa khanga shingoni, akaapa kwamba sitagusa hata kikombe. "Wifi, tulia, utachana nyuzi," alikuwa akisema kila nikijaribu kuinyoosha. Mama mkwe alimwunga mkono. Kwa desturi yetu mgonjwa hutulizwa, hulishwa uji wa ulezi, hufanyiwa kila kitu. Kumwacha ajikune mwenyewe ni kumtupa. Nami sikuwa na maneno ya kuwashinda, ila niliyoambiwa na daktari kabla ya kuondoka. Alisema yako matibabu ya mionzi mbele yangu, na mgonjwa anayepigwa mionzi ya kifua hulala chali, mkono umeinuliwa juu ya kichwa, asitikisike. Bega likikakamaa, mkono hauinuki. Mkono usipoinuka, mionzi hungoja. Na kansa haina desturi ya kungoja.

Mama mkwe aliposikia hayo alinyamaza muda mrefu. Kisha akaifungua khanga mwenyewe.

Mazoezi yenyewe si makubwa. Siku za kwanza ni ngumi, kiwiko, kuchana nywele. Baadaye husimama mtu mbele ya ukuta, akatambaza vidole kwenda juu mithili ya mjusi, hadi pale panapouma kidogo, akahesabu kumi, akashuka. Nilichukua kipande cha chaki ya shule nikawa naweka alama ukutani pale vidole vilipofika. Juma la kwanza alama zilikuwa usawa wa kidevu. Mama mkwe, ambaye hakupata kusoma, akawa ndiye msimamizi; kila jioni aliukagua ukuta kama mkaguzi wa shule. "Mwanangu, leo hujapita jana," aliniambia siku moja kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. Nilirudia. Alama ya mwisho iko juu ya fremu ya mlango, na ukuta ule hatujaupaka chokaa.

Mume wangu si mtu wa maneno. Kovu aliliona siku ya kumi na mbili, nilipobadilishwa bendeji. Alilitazama vizuri, hakuhamisha macho. "Ni refu," akasema. Kisha akachukua ndoo akaenda kisimani kuchota maji, mchana kweupe, mbele ya majirani. Wanaozijua desturi za huku watauelewa uzito wa ndoo ile.

Wodini Mwanza nililala jirani na mama mmoja mtu mzima aliyetoka wilaya ya Serengeti. Yeye hakujaliwa mtoto wa kiume, na kwa mila ya nyumba ntobhu alikuwa ametoa ng'ombe akaoa mke, ili wana wa mke huyo wawe wa mji wake. Mke huyo, msichana wa miaka ishirini na kitu, ndiye aliyekuja kumwuguza: alimwogesha, alimlisha, alimwinua. Najua yako mengi yanayosemwa juu ya mila hiyo, na mengine ni ya haki, hasa pale binti anapoolewa bila kuulizwa. Lakini nilijifunza kitu kwa yule mama. Wengine sote tulihangaika ni nani atakayelima msimu huo, yeye alilala. Mwanamke wa huku akilazwa, mikono miwili hupungua shambani, na maumivu ya hesabu hiyo hayana kidonge.

Sasa nifike kwenye titi lenyewe. Niliporudi kupimwa, daktari alinieleza kwamba titi laweza kujengwa upya, ama siku ile ile ya kukatwa, ama baada ya miezi au miaka. Wapo wanaotiwa mfuko wa silikoni chini ya ngozi. Mwanamke wa kwanza kutiwa mifuko hiyo alikuwa wa Houston, Marekani, mwaka 1962, ingawa mionzi mara nyingi huuletea mfuko taabu. Wapo wanaojengewa kwa nyama na mafuta ya tumbo lao wenyewe, njia iliyotangazwa Marekani mwaka 1982. Na iko njia ya zamani kuliko hizo, ya Mtaliano Iginio Tansini, ya mwaka 1906: huchukuliwa ngozi na msuli mpana wa mgongoni, ukiwa bado umeshikamana na mshipa wake wa damu, ukapitishwa chini ya kwapa hadi kifuani.

Nilimwuliza msuli huo una kazi gani mgongoni. Akainua mkono wake juu ya kichwa, kisha akaushusha kwa nguvu hadi ubavuni. "Huu ndio unaovuta hivi," akasema. Mimi na yeye tulitazamana. Ndivyo jembe linavyoshuka, ndugu msomaji, na ndivyo mchi unavyoshuka kinuni. Alinieleza kwa uaminifu kwamba misuli mingine husaidia, na kwamba wanawake wengi hurudia kazi zao za kila siku. Lakini kazi nzito ya kuvuta yaweza kuchosha upesi, na kuna majuma kama sita ya kutoinua kitu kizito. Titi jipya, aliongeza, huwa halina hisia za lile la zamani.

Wapo wanaosema kujenga titi ni anasa ya kizungu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwanamke anayetaka kuvaa gauni lake na kutembea mjini bila kujiinamia anataka jambo la haki, na asiyelima ana mgongo wa kuazima. Mimi nina mteremko wa ulezi. Nilijibu, "Si sasa," naye akaandika hivyo kwenye jalada langu.

Kwa sasa ninalo titi la kitambaa. Fundi cherehani wa kike hapa mjini alishona mfuko wa pamba laini wenye umbo, nasi tukajaribu vya kulijazia. Pamba ni nyepesi mno. Hupanda hadi karibu na shingo mtu akiinama. Maharage huumiza kovu. Ulezi ndio uliotufaa, punje zake ni ndogo na hulala vizuri, na uzito wake hulingana na wa titi la pili, jambo linaloyasaidia mabega kukaa sawa. Lisivaliwe kabla kidonda hakijapona kabisa. Na ulezi umwagwe kabla ya kufua mfuko, ama sivyo utaota.

Mionzi niliipata Bugando, Mwanza. Kwa miaka mingi wagonjwa wa huku iliwapasa kwenda hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Nauli ya Mwanza nayo si ndogo, na safari si moja. Mkiwatumia wagonjwa fedha, tumeni ya watu wawili, kwani mwenye mkono mmoja hawezi kujivuta na mzigo hadi ndani ya basi.

Shuleni niliporudi, chaki ilifika nusu ya ubao tu, na watoto wa nyuma iliwabidi kusimama ili wasome. Hivi sasa naandika kuanzia juu. Ndoo ya lita ishirini bado siinui. Nachota ya kumi, mara mbili.