Sashe na moto wa buji



Ninyi mnaouza karanga katika soko la Kasongo mnaijua kazi ya usiku: unapima karanga kwa kijiko, unazitia katika sashe ndogo, unakunja mdomo wake, unaupitisha juu ya buji. Mara moja umefungika. Ukichelewa kidogo tu, sashe inajikunja, inarudi nyuma kama kidole kilichoguswa na moto, na tundu linafunguka.

Miaka mingi nilidhani sashe inaungua. Shemeji yangu wa Kabambare, aliyesoma kemia, ndiye alinieleza. Kiwandani plastiki inayeyushwa, inapulizwa kama puto na kuvutwa mpaka iwe nyembamba, kisha inapoa ikiwa bado imevutwa. Nyuzi zake ndogo, ambazo jicho haliwezi kuona, zinabaki zimenyooshwa kwa nguvu. Moto ukizilegeza, zinarudi kujikunja. Fikirieni nywele zetu: unazinyoosha kwa kitana cha moto, mvua ya Maniema inanyesha mara moja, zimerudi zilivyozaliwa. Na feza ya saluni imekwenda! Chupa ya maji nayo, ukiitia chai ya moto inasinyaa bila hata kuona moto.

Laiti ningeyajua hayo mbele. Jioni moja nilimwachia binti yangu wa miaka tisa buji na sashe, nikaenda kugeuza bugali. Sashe ilisinyaa, ikayeyuka, tone likamwangukia kwenye kidole gumba. Nilikimbia, nikalibandua. Ngozi ilikuja nalo. Mama mukwe akaleta mawese, tukapaka. Muuguzi alipoona alinyamaza kwanza. Kisha akasema: maji baridi yanayotiririka, dakika 20, kabla ya kitu kingine chochote. Plastiki iliyoshika ngozi usiibandue, mwachie munganga. Mafuta na dawa ya meno, hapana.

Mwisho wa 2017 serikali ilikataza sashe hizi, lakini sokoni ziko, na mimi ninazo, sitawadanganya. Ila nyungu ya maharagi siifuniki tena kwa plastiki. Nimerudia majani ya migomba: yanalegea kwa mvuke, lakini hayayeyuki juu ya chakula cha watoto.

Na karanga sasa tunazifunga kwa fundo, bila buji. Binti ana kovu jekundu kwenye kidole, lakini kwa kufunga ananishinda: mimi nikimaliza sashe tatu, yeye amemaliza tano.