Vidole vya watoto vilivyozua hofu ya corona

Aprili 2020, watu wakiwa wamefungiwa ndani kwa corona, wazazi Italia, Hispania na Ufaransa waliona jambo geni. Vidole vya miguu vya watoto vilivimba, vikawa vyekundu au zambarau, vikawasha na kuuma kama vilivyopigwa na baridi. Walipopimwa, wengi hawakukutwa na virusi. Jibu hilo halimtulizi mama ambaye mwanawe analia akivaa kiatu.

Baadhi ya madaktari walisema kinga ya mtoto ilivifukuza virusi mapema. Wengine walitaja sakafu baridi, watoto wakishinda pekupeku. Hawakuafikiana, lakini vidole vingi vilipona vyenyewe ndani ya wiki chache.

Mzazi, ukiona hivyo mvishe soksi, usimkande kwa maji ya moto. Vikichubuka au homa ikipanda, mpeleke hospitali.