Mhadhara wa Bure Usiwe Bure

Kiswahili kina neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisicho na faida: bure. Aidha, maneno mhadhara, hadhira, hadharani na kuhudhuria yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu ambao maana yake ya msingi ni kuwapo. Maneno haya yanabeba swali zito kuhusu mihadhara ya historia inayotolewa kwa umma pasipo kiingilio: je, ni nani hasa aliyepo? Mhadhara ambao wenye historia yao hawakuufikia, au waliufikia wasiuelewe, umekuwa bure kwa maana zote mbili.

Mfano wa karibu ni Mvita. Historia ya mji huu haina uhaba wa waandishi. Inafahamika kuwa Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Kwamba Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Kwamba Waingereza waliigeuza gereza mwaka 1895. Na kwamba mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa turathi za dunia. Yote hayo yamo vitabuni. Tatizo ni lugha ya vitabu hivyo na watu wanaofikiwa navyo.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwahutubia watu wa mji wake kwa Kiswahili kupitia magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930. Hata hivyo, historia ya utawala wa Wamazrui wa Mombasa aliiandika kwa Kiarabu, nayo ikachapishwa mwaka 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, alitoa Mihadhara ya Reith ya BBC mwaka 1979 kuhusu hali ya Afrika. Ilikuwa mihadhara ya bure kwa kila mwenye redio, lakini lugha yake ilikuwa Kiingereza. Wawili hao hawalaumiwi, kwani kila mmoja alisema na hadhira yake. Funzo ni kwamba mji waweza kuwazaa wanazuoni wakubwa, na bado mvuvi na mama muuza mahamri wakabaki nje ya mazungumzo yanayowahusu.

Isitoshe, mazungumzo hayo yanawahitaji. Muyaka bin Haji alipofariki mwaka 1840, sehemu kubwa ya tungo zake ilibaki vichwani mwa watu wa Mombasa. Ilimlazimu Mwalimu Sikujua kuzikusanya na kuziandika kwa hati za Kiarabu, miongo kadhaa baadaye, ndipo W. E. Taylor akazihawilisha kwa hati za Kirumi. Lau asingepatikana mtu wa kuketi na kuwasikiliza waliokumbuka, fasihi ya Kiswahili ingempoteza mmoja wa malenga wake wakuu. Kusikiliza, basi, ni nusu ya kazi ya mwanahistoria.

Nusu hiyo ndiyo ngumu zaidi. Kila siku utingo wa matatu hutaja kituo cha Kengeleni, na wengi wa abiria hawakumbuki kengele yenyewe. Ilikuwa kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, wakiwamo Wayao, Wanyasa na Wamakua. Msomi akisimama Kisauni kulieleza jambo hili, analeta tarehe na barua za wamishonari. Mbele yake, hata hivyo, huenda wameketi vizazi vya waliokombolewa na vizazi vya waliomiliki watumwa, juu ya mkeka mmoja. Kitabu hakiulizwi swali kikaona haya. Hadharani, neno «mtumwa» likitamkwa, kimya kinachofuata ni sehemu ya historia yenyewe.

Hali ni hiyo hiyo kuhusu ardhi. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Pwani wadai viwanja vyao kwa taratibu za serikali ya kikoloni. Wengi ambao hawakudai, au madai yao hayakutambuliwa, walijikuta maskwota katika ardhi waliyoilima. Hivyo basi, mhadhara juu ya nani alifika lini Pwani si burudani ya jioni. Kuna mtu atakayerudi nyumbani akiuona ua wake kwa jicho jingine.

Pana wanaohofia kwamba uwanja ulio wazi huwakaribisha wenye kujigamba kwa nasaba na wanasiasa watafutao kura. Hofu hiyo ina msingi. Kumbukumbu ya mzee huweza kukosea, na mzee huweza kukumbuka lile linaloufaa ukoo wake. Dawa yake si kuufunga mlango. Hati ya msomi iipime kauli ya mzee, na kauli ya mzee iipime hati, kwani hata barua ya mmishonari iliandikwa na mtu mwenye maslahi yake.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi ya pekee katika kazi hii, kwa kuwa vina lugha ambayo msomi na mkazi wote wanaimiliki. Mhadhara ufanyike mtaani, saa ambayo mfanyakazi amekwisha kutoka kazini. Msemaji apewe nusu ya muda, na waliohudhuria wapewe nusu iliyobaki. Pawepo mwandishi wa kunukuu majibu kwa idhini ya wasemaji, na nakala iwekwe katika maktaba ya shule iliyo karibu. Gharama yake ni ndogo: viti, kipaza sauti na daftari. Wazee wanaoweza kujibu wanapungua kila mwaka, na asiyehojiwa leo hatahojiwa kesho.