Tusinunue Jina, Tusome Nambari



Sisi wazazi wa asili ya pwani tunaoishi huku Lodwar hulikabili jambo moja kila shule zifungwapo: mtoto ataka kipakatalishi cha kusomea, tena kiweze kuchezea gemu, na akiba ya nyumba ni ndogo. Fedha yenyewe ni ya mchango wa akina mama, iliyokusanywa kidogo kidogo. Ndipo tukaona ni wajibu kukijua tunachokinunua.

Madukani husifiwa kibandiko. Muuzaji asema, "Hii ni Core i7," na bei ikapanda. Lakini jina hilo limetumika tangu mwaka 2008, na i7 zote si sawa. Tuzilinganishe prosesa mbili, yaani ubongo wa mashine, ambazo huonekana sana katika vipakatalishi vilivyokwishatumika: Core i7-2620M na Core i5-8250U. Ya kwanza ni ya mwaka 2011, nayo ina viini viwili vya kufanyia kazi. Ya pili ni ya mwaka 2017, nayo ina vinne. Siri imo katika nambari ifuatayo kistari: 2 ni kizazi cha pili, 8 ni cha nane.

Gigahazi nazo hupotosha. Ya kwanza huandikwa 2.7 na ya pili 1.6, na asiyejua huchagua kubwa. Kumbe ile ya 1.6 hupanda hadi 3.4 kazi ikizidi, na kwa kila pigo hutenda mengi zaidi.

Huku Turkana kuna la ziada, nalo ni joto. Ya kwanza imeundwa kwa wati 35, ya pili kwa wati 15. Prosesa ikipata moto mno hujipunguzia kasi isiungue, na gemu ikakwama. Kwa jamaa zetu wa Kakuma wanaotegemea umeme wa jua, wati chache ni saa nyingi za betri.

Kwa gemu hasa, tazameni pia sehemu ya kuchora picha. Ryzen 5 3500U ya AMD, ya mwaka 2019, huishinda i5 hiyo kwa jambo hilo. Kumbukumbu isipungue gigabaiti 8. Hata hivyo, gemu nzito mashine hizi haziziwezi, na mtoto aambiwe mapema.

Wako wasemao gemu ni upuuzi mtupu. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alinunuliwa kipakatalishi na mamaye, aliyeweka akiba miaka mitatu hata zikatimia dola 300. Kwacho alijifunza kutunga gemu, akaunda moja ya kuhimiza amani, akaiita Salaam. Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992, imejaa vijana wa nchi hiyo hiyo. Akiba ya mama haifai kupotea kwa kibandiko.

Nanyi wauzaji, Suratul-Mutaffifin si ya mizani ya nafaka peke yake. Kuficha kizazi cha prosesa ni kupunja.

Basi akina mama, kabla ya kutoa fedha, ombeni mashine iwashwe, someni nambari nzima, kisha iacheni ifanye kazi nusu saa mkiishika kwa chini. Ikiunguza mkono, irudisheni mezani.

Wabillahi tawfiq.