Ndege za karatasi wodini (sehemu ya 6)

Niliahidi kuwasimulia kosa langu. Nimetoka zamu ya usiku, nipo nyumbani Unyambwa, chai iko mkononi.

Tulikuwa na mtoto wa miaka 6, kadondoka mtini kavunjika paja. Mguu umevutwa kwa uzito, analala chali wiki kadhaa. Kitanda cha pili yupo wa rika lake, kavunjika mkono, anazunguka wodi nzima. Asubuhi moja nikamwambia wa paja, "Mbona mwenzako anakula, wewe vipi?" Akageukia ukutani. Uji haukuliwa, wangu wala wa mama yake. Mama alinitazama tu.

Sasa, kaka yangu anaongoza watalii Serengeti. Ndiye aliyenisimulia habari za Colin Pennycuick, mtafiti Mwingereza, ambaye miaka ya 1970 ikianza alikuwa akiwafuata tumbusi angani kwa glaida, yaani ndege ya kuelea na hewa. Yake ilikuwa ASK 14 ya Kijerumani, ya mtu mmoja, sehemu kubwa mbao, mabawa mita 14 na ushee, na kiinjini cha kupandia tu. Akifika juu anakizima.

Tumbusi akishuka mita 1 anasonga mbele kama mita 15. ASK 14 inakaribia 28. Utasema ya Mjerumani imeshinda. Ngoja kwanza. Hewa ya moto hupanda kutoka ardhini kama nguzo, na mara nyingi nguzo ni nyembamba. Tumbusi ni mwepesi kwa ukubwa wa mabawa yake, anazunguka kaduara kadogo humo humo ndani na kupanda. Glaida ina kasi, duara lake ni kubwa, ikitoka nje ya nguzo inaanza kushuka.

Basi nikakata kalenda ya zamani, nikachukua mirija ya soda. Ndege moja mabawa marefu membamba, nyingine mafupi mapana, kila moja na klipu puani. (Klipu mbali na mtoto wa chini ya miaka 3 jamani, ataimeza.) Ndefu ilifika mlangoni, wa mkono akapiga kelele. Pana ikaanguka karibu tu.

"Nataka iende kama yake," akasema wa paja. Maneno yake ya kwanza tangu jana.

Tukaongeza klipu ya pili: ikachimba sakafu. Tukatoa zote: pua ikainuka, ikasimama hewani, ikadondoka kwa mkia. Tukarudisha moja. Nikaukunja mkia kidogo kuelekea kushoto, nikamwambia arushe polepole. Ikapinda, ikapita juu ya miguu ya kitanda, ikarudi ikamwangukia kifuani.

Akairusha tena. Ikarudi tena. Ile ndefu ilihitaji mtu wa kuifuata mlangoni, na yeye hawezi kushuka.

Nikamwambia pole kwa maneno ya asubuhi ile. Hata hakunisikia, alikuwa anarusha. Mama yake ndiye aliyeitikia, kisha akauliza kama uji umebaki.