Mbuzi wa Kamba Moja

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia, mzaliwa wa Mbulu, nafundisha Hanang. Nakiri hapa kosa langu mwenyewe.

Kwa miaka mingi niliziandika sheria mbili za urithi za Mendel ubaoni kama amri za Musa. Ya kwanza: jeni za jozi hutengana, mtoto akapokea moja kutoka kwa kila mzazi. Ya pili: sifa moja hurithiwa pasipo kuitegemea nyingine. Siku moja binti wa Kidato cha Nne akaandika kwenye jaribio, chini ya sheria ya pili: "Si kila mara." Nikamkata alama mbili.

Alinifuata ofisini na daftari.

"Shikamoo, mwalimu."

Alikuwa amechora mbuzi sita wamefungwa kamba moja, wakipelekwa mnadani. Akaweka kidole kwenye mchoro. "Huyu wa pili akivutwa, wa tatu atabaki?"

Sikuwa na jibu. Usiku nilirudi vitabuni. Mendel, aliyechapisha kazi yake ya njegere mwaka 1866, hakudanganya: jozi zetu 23 za kromosomu hugawanyika kila moja kivyake. Ila kromosomu moja hubeba jeni nyingi, kama kamba na mbuzi wake. Mayai na mbegu za kiume zinapoumbwa, kromosomu za jozi hubadilishana vipande. Kamba hukatwa na kuungwa upya. Jeni zilizo mbali na nyingine hutenganishwa kirahisi, zilizo jirani husafiri pamoja vizazi na vizazi.

Kilichonimaliza ubishi ni maziwa. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakiwemo Wairaqw na Wadatoga. Mtu alikunywa sukari ya maziwa iliyokorogwa majini, kisha akatobolewa kidole kupima sukari ya damu. Likaonekana badiliko la herufi moja ya DNA linalomwezesha mtu mzima kumeng'enya maziwa. Nalo halikuwa peke yake: kwenye kromosomu zinazolibeba, herufi zilizolizunguka zilifanana kwa urefu wa zaidi ya milioni mbili. Maziwa yaliwanufaisha wafugaji waliokuwa na badiliko hilo, likaenea, na majirani zake wasiohusika na maziwa wakakokotwa nalo. Ushahidi wa yule binti ulikuwa kwenye kibuyu cha maziwa cha nyumbani kwetu.

Nilimrudishia alama zake mbele ya darasa. Tangu hapo, nikimaliza kuandika sheria ya pili ubaoni, naongeza maneno matatu: zikiwa kamba tofauti.