Orodha ya Mlangoni

Alhamisi, 1 Februari 2024
Masharti mapya ya Google na Yahoo ya kutuma barua pepe yameanza leo. Anayetuma barua 5,000 na zaidi kwa siku ndiye anayebanwa hasa: awe na vithibitisho vya mtumaji vya SPF, DKIM na DMARC vyote, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Lakini hata kikundi kidogo cha taarab kama chetu, hapa Silver Spring, sasa lazima kithibitishe kuwa barua imetoka kwake. Kutuma kwa anwani ya Gmail kupitia programu ya watu wengine hakufai tena, kwani jina la juu ni la Gmail na seva iliyotuma siyo yake, basi barua inashukiwa. Tununue jina letu wenyewe la tovuti. Bei yake kwa mwaka haifiki ya seti moja ya nyuzi za udi.

Jumapili, 4 Februari
Baada ya mazoezi mjomba mpiga fidla ameuliza, “Mwanangu, watu wote wako WhatsApp, barua pepe ya nini?”
Nimemwambia, mjomba, WhatsApp wako wa kwetu: Wakenya wa Baltimore, Wazanzibari wa Virginia. Ila viti vingi hujazwa na wengine. Peace Corps, yenye makao makuu hapa Washington, ilianza kupeleka watu wa kujitolea Tanganyika mwaka 1961, na wazee waliorudi bado wanakizungumza Kiswahili na kuipenda taarab. Wengine walitufahamu mwaka 2018, Jumba la Sanaa za Afrika la Smithsonian lilipoonyesha sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi. Hao hawamo katika kundi letu lolote. Wanasoma barua pepe asubuhi na chai.
Halafu kundi la WhatsApp liko kwenye simu ya mtu. Akihama, au simu ikiibiwa, wapenzi wetu tutawatafuta wapi?

Jumanne, 6 Februari
Nimeandika upya karatasi ya mlangoni ya kujiandikishia wasikilizaji. Nafasi ya jina, ya barua pepe, na kisanduku cha kutia alama: “Ndiyo, niandikieni.” Asiyetia alama haandikiwi, hata kama ni shemeji. Herufi ziandikwe kubwa, moja moja, maana sifuri na “o” za kalamu huzaa anwani zisizokuwepo, na barua zikirudi kwa wingi, seva hupoteza imani nasi.
Sheria ya Marekani ya 2003 inataka pia anwani ya posta chini ya kila barua (sanduku la posta lililosajiliwa linatosha) na anayejitoa aondolewe ndani ya siku 10 za kazi. Sisi tumwondoe siku hiyohiyo. Ni heshima kwake.

Jumamosi, 10 Februari
Tumebishana na binti anayetutengenezea matangazo. Bango lake ni zuri mno, lakini barua nzima ilikuwa picha tupu. Simu iliyozuia picha haionyeshi siku wala mahali, na programu inayomsomea msikilizaji wetu asiyeona haina cha kusoma. Tumekubaliana: maneno kwanza, Kiswahili juu, Kiingereza chini, picha moja ndogo.
Kichwa alikiandika “USIKOSE!!!” Nimeweka “Udi, fidla na qanuni: Jumamosi 2 Machi, Takoma Park.” Hiyo ndiyo Jumamosi yetu; Ramadhani iko karibu, na ikianza hatupigi hadi Idi.

Jumanne, 20 Februari
Jana ilikuwa sikukuu ya Marais, ndiyo maana barua imesubiri hadi leo asubuhi. Idadi ya “waliofungua” siiangalii sana: tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple huweza kupakua yenyewe picha inayotumiwa kuwahesabu, hata mtu asiposoma. Naangalia waliobofya kiungo cha tiketi, na zaidi waliojibu. Ndiyo sababu barua hutoka kwenye anwani ambayo mtu anaisoma kweli.
Mama mmoja, mwalimu wa zamani huko Mtwara, ameuliza kwa Kiswahili safi kama kutoka stesheni ya Takoma atatembea mwendo gani, maana goti lamuuma. Nimemjibu, kijana wetu wa ngoma atampokea stesheni. Barua ya pili, Jumatano ijayo, itaanza na njia ya kufika.